Mwite Kompyuta Aje

Langoni, Amu

Mwanangu Shee,

Assalaam alaikum. Nyumba nzima yakusalimu hata kabla hujasafiri, na paka naye yumo, maana tangu asubuhi amelala juu ya sanduku lako na kila nikimfukuza hurudi. Wewe umekwenda kuwaaga rafiki zako na najua hutarudi kabla ya isha. Baba yako yuko karakanani, anajifanya ana mlango wa kumaliza kuchonga. Nimebaki mimi na kalamu.

Sikuandikii habari za kuswali, kula wala kufua mashati. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukanijibu, "Mama, nakwenda Diani, siendi mwezini." Haya, umeshinda. Mahamri yako nimekufungia, ndimu ya achari iko kwenye chupa, na mengine utajijua mwenyewe.

Nataka kuzungumza nawe juu ya pilau ya Ijumaa iliyopita.

Tulikuwa tumekaa sote watatu, sinia katikati, na wewe ulikuwa na furaha ya kupata kazi ya mapokezi hotelini Diani. Ukaanza kutuhadithia ulivyofanya mazoezi ya kazi kwenye hoteli hiyo hiyo, miezi ile ya wageni wengi. Ukasema meneja alikupa simu na majina ya watu waliokuwa wameweka vyumba mapema, wamelipa na malipo ya awali, akakuambia uwapigie mmoja mmoja uwaarifu kuwa bei imepanda. Ukasema wengine walikutukana. Kisha ukamtaja mzee mmoja wa bara, aliyekuwa aje na mkewe, mara yao ya kwanza kuiona bahari. Ukamwambia, "Si mimi, mzee, ni kompyuta ndiyo iliyobadilisha." Akasema, "Sawa, kijana." Ukakata simu.

"Hakuwa na neno, Mama!" ukasema. "Mstaarabu kweli kweli."

Nikakuuliza kama alikuja. Ukasema hujui, muda wako wa mazoezi ulikuwa umekwisha. Baba yako akajipangusa jicho lake la kushoto, nawe ukamtania kama ulivyozoea, "Baba walia!" Mkacheka nyote wawili. Mimi nikainuka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Ulidhani nimechoka. Sikuchoka, nilikasirika. Na hasira ilipopoa nikajionea haya mwenyewe, maana utajuaje jambo ambalo hukuambiwa? Baba yako ndiye aliyenishauri. "Ukimwambia kwa mdomo utapiga kelele," akasema. "Mwandikie." Ananijua huyo mtu.

Basi sikiliza. Ulikuwa darasa la saba tulipokuacha kwa bibi yako kule Chundwa tukaenda Mombasa kumpasua baba yako mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu, na mchonga milango asiyeona ni sawa na mpishi asiye na pua. Daktari alisema wataanza na la kushoto, na baada ya kupasuliwa akae siku tatu karibu na hospitali, mahali pasafi pasipo moshi wala vumbi, aangaliwe kila asubuhi. Nikatafuta hoteli ndogo mtaa wa pili kutoka hospitali. Nikapiga simu, tukapatana bei ya siku tatu, nikatuma malipo ya awali, nikaletewa ujumbe: chumba chako kimethibitishwa, bei ni hii. Nikausoma ujumbe ule mpaka nikauhifadhi moyoni. Nilikuwa sijapata kulala hotelini maisha yangu yote, Shee. Nilijiona nimekuwa mtu.

Unajua nilifanya nini? Nilipika. Nilikesha jikoni nikapika mikate ya mofa, nikakaanga samaki, nikanunua halua ya moto, nikavipanga kwenye kile kikapu changu cha ukindu chenye mistari ya zambarau. Baba yako akauliza ni vya nani. Nikamwambia ni vya watu wa hoteli. Akanitazama. "Bi Zuhura, wale tunawalipa." Nikamjibu kwani ni nani aendaye kulala kwa watu mikono mitupu, mimi sikulelewa hivyo.

Cheka. Baba yako hucheka mpaka leo.

Tulipofika mapokezi tulimkuta kijana mmoja mwembamba, ana tai nyekundu na meno mazuri. Nikamwamkia, nikaweka kikapu juu ya ile meza yao ya kung'aa, nikamwambia, "Hiki chenu, mwanangu, kutoka Amu." Akafurahi! Akafunua, akanusa, akamega kipande cha halua pale pale. Nami moyo ukanitulia, nikasema tumefika kwa watu. Akafungua kompyuta yake. Halafu akaanza kujikuna shingo.

"Mama, bei imepanda. Kuna mkutano mkubwa mjini wiki hii."

Nikamwambia sisi tulishapatana, ujumbe ninao.

"Naelewa, mama. Si mimi. Ni kompyuta ndiyo iliyobadilisha."

Na hapa ndipo nilipokosea, mwanangu. Ujumbe ulikuwa mkononi mwangu. Mdomo nilikuwa nao, na wewe wajua mdomo wangu. Wauza samaki wa soko zima wanaujua. Lakini nilimtazama yule kijana ana halua yangu mkononi nikashindwa. Nitagombanaje na mtu aliyekula changu? Nitambishiaje mwenyeji nyumbani kwake, siku ya kwanza, hata sijaketi? Kwetu mgeni akipewa chumba kibaya husema ni kizuri, akipewa chai ya chumvi huinywa. Nikafanya ugeni. Nikasema, "Sawa, mwanangu." Tena nikamliwaza! Nikamwambia asijali, mambo hutokea. Yeye akashusha pumzi, akaniona mstaarabu.

Pesa zetu kwa bei ile mpya zikatosha usiku mmoja. Ndugu Mombasa tunao tele, ungeniuliza kwa nini sikumpigia shangazi yako wa Kisauni. Kwa sababu nilikuwa nimeshamringia, Shee. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, kwa sauti ya madaha, "Aa, msisumbuke, sisi tumechukua hoteli." Sasa nirudi niseme nini? Baba yako alipasuliwa, akalala usiku ule mmoja, asubuhi akaangaliwa mara moja tu, tukashika njia ya kurudi. Basi zima lilikuwa vumbi. Kitambaa cha jicho kilibadilika rangi kabla hatujafika Mokowe, na kwenye mashua ya kuvukia Amu upepo ulimpiga usoni mpaka akajifunika kwa kanga yangu. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jicho likavimba, likapona, likabaki linatoka machozi kila upepo ukivuma. Daktari hakusema ni kwa ajili ya safari ile, wala hakusema si kwa ajili yake. Wewe umekua ukimtania, "Baba walia," naye hukuachia ucheke kwa sababu alinionea huruma mimi. Hakutaka uulize jicho lilikuwaje.

Sasa wajua.

Nilikaa na jambo lile kimya, mpaka siku moja nikamsimulia Mwalimu Njeri, yule mpangaji wetu wa chumba cha juu, aliyetoka bara akaja kufundisha hapa na mpaka leo hajajua kukaa chini bila kuegemea ukuta. Nilimsimulia kama kichekesho, habari ya kikapu. Alicheka kweli, mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Na ule ujumbe ulifanya nini nao?" Nikamwambia bado ninao. Akaacha kucheka.

"Bi Zuhura, wewe ulikuwa unamtembelea nani? Ulikuwa umenunua. Wamekubali bei, wamepokea pesa, wamekuandikia. Hayo ni makubaliano. Upande mmoja hauwezi kuamka asubuhi ukayabadilisha peke yake."

"Lakini kompyuta..."

"Kompyuta ilizaliwa na nani?"

Jioni ile alinifungulia macho, mwalimu yule. Akanieleza kuwa Katiba yenyewe inamtaja mnunuzi, kwamba ana haki ya kupewa habari kamili na ya kulindwa mfuko wake, na akiumizwa alipwe. Na kuna sheria nzima ya kumlinda. Akasema nisome masharti kabla ya kulipa, maana hoteli nyingine huficha mambo kwenye maandishi madogo madogo kama mayai ya chawa. Bei ikibadilishwa, niseme pale pale, tena kwa adabu: nataka chumba changu kwa bei tuliyopatana. Wakishindwa, wanirudishie kila senti niliyotuma, na ikiwa nimepata hasara ninaweza kudai. Wakikataa, niombe waniandikie kwamba wamekataa. "Wengi hulainika hapo," akasema, "hawapendi kuandika." Na wasipolainika, mahakama ya madai madogo ipo, haihitaji wakili. Nikamuuliza mbona watu hawayajui haya. Akaniambia wengi wanayajua, ila wanaona haya.

Hapo alinichoma.

Ikafika zamu ya jicho la kulia. Baba yako akasema safari hii twende Kisauni moja kwa moja. Nikamwambia hapana, tunakwenda hoteli ile ile. Akasema nimepata kichaa. Labda. Lakini nilikuwa nimeweka chumba, nimesoma masharti yao yote na Mwalimu Njeri, nimepata ujumbe. Na moyoni, sikufichi, nilikuwa nataka wajaribu tena. Kikapu sikubeba. Kile cha kwanza nilikuwa nimewaachia, na kingine sikupika.

Kijana alikuwa yule yule, tai ile ile. Nadhani alinikumbuka, kwa sababu alianza kujikuna shingo kabla hajafungua kitu.

"Mama, bei..."

"Imefanyaje?"

"Imebadilika."

"Nani kaibadilisha?"

"Kompyuta, mama."

"Basi mwite aje."

"Nani?"

"Kompyuta. Mwite aje, tuzungumze naye. Mimi nilipatana na nyinyi, na yeye simjui."

Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne watano na masanduku yao. Mmoja akaguna kwa kicheko. Baba yako alikuwa ananivuta buibui, "Bi Zuhura, Bi Zuhura." Nikaketi kwenye kiti chao cha ngozi, nikapandisha miguu. Akaja meneja, mwanamke nadhifu, sauti ya asali, akaniuliza kuna tatizo gani. Nikampa simu. Nikamwambia, "Nisomee hapa, mwanangu, macho yangu hayaoni." Allah anisamehe, naona mpaka sindano. Akaanza kusoma kwa sauti, chumba chako kimethibitishwa, kwa siku tatu, kwa bei ya... Alipofika kwenye bei sauti ikashuka. Nikamwomba arudie, sikusikia. Akarudia. Wale wa nyuma wakasikia pia, na bibi mmoja akaanza kutafuta ujumbe wake kwenye mkoba.

Meneja akanirudishia simu. "Mpe chumba," akamwambia kijana. "Kwa bei iliyoandikwa."

Sikupiga kelele, Shee. Baba yako ni shahidi. Nilisema ahsante nikapanda ngazi, na nilipofunga mlango nikakaa kitandani nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Tulikaa siku zote tatu, baba yako akaangaliwa kila asubuhi, na jicho lile la kulia, mashallah, ndilo analochongea mpaka leo.

Lakini si hilo nililotaka kukuambia. Nililotaka kukuambia lilitokea siku ya kuondoka.

Yule kijana alinifuata mlangoni, hana tai, zamu yake ilikuwa haijaanza. Mkononi ana kikapu changu. Kile chenye mistari ya zambarau, kimepanguswa vizuri, ndani mna maembe na mkate wa kumimina. Sikuamini.

"Mamangu amesema chombo cha watu hakirudi kitupu," akaniambia. Akasimama hajui atazame wapi. "Mama, siku ile nilikipeleka nyumbani. Mamangu akafurahi, akauliza kimetoka kwa nani. Nikamwambia kwa mama mmoja wa Lamu, mgeni wetu. Akaniuliza, nawe ulimfanyia nini? Nikaanza kujikuna shingo. Akajua. Ile halua hakuigusa."

Nikamuuliza jina la mama yake, nikamwambia ampe salamu zangu. Kisha nikamkumbatia, pale pale njiani, baba yako akageuka upande wa pili kutuonea haya. Alikuwa mtoto wa watu tu, Shee. Alitumwa. Alikuwa na umri kama wako wa sasa.

Ndiyo maana Ijumaa pilau ilinishinda. Uliposema "hakuwa na neno", nilimwona yule mzee wa bara amekaa na simu yake, na mkewe anamuuliza, wamesemaje? Nami naijua ile "sawa" yake. Nimewahi kuisema. Mtu anaweza kuisema huku anahesabu moyoni ni nini atakikosa.

Sisemi bei zisipande. Mahamri yangu nimeyapandisha unga ulipopanda, na Langoni nzima ilininunia. Lakini unakumbuka arusi ya jirani zetu, walipokuwa wameshaagiza na kulipa kabla unga haujapanda? Nilikaanga kwa bei ya kwanza. Nilikaanga huku nautukana unga, mafuta na mwenye duka, lakini nilikaanga. Anayekuja kesho nimtajie bei ya kesho. Niliyekwisha kupatana naye, ameshapatana.

Wala sikutumi ukapigane na wakubwa zako wiki ya kwanza. Kazi umeitafuta kwa jasho na najua unavyoitaka. Ila utakapopewa simu na majina, unaweza kusema, "Bosi, huyu tulishamthibitishia." Maneno hayo hayana tusi ndani yake. Na pakiwa na kosa la kweli, bei imeandikwa vibaya, mpigie mteja mapema kabla hajafunga safari, mwambie ni kosa letu, umpe hiari ya kurudishiwa pesa zake zote. Usimtupie kompyuta. Huenda ukachukiwa. Huenda, sikudanganyi, ukarudishwa nyumbani. Ukirudi kwa sababu hiyo nitakupokea gatini mbele za watu, nitakupikia, na sitakuuliza neno. Ukirudi kwa sababu ya uvivu, hilo ni jambo jingine.

Kikapu utakikuta juu ya sanduku, paka akikubali kuondoka. Ndicho kile. Nimeweka halua na mikate kwa wenzako wa kazini. Wakishamaliza, kiweke chini ya meza yako ya mapokezi, mahali mguu wako utakapokigusa.

Na jambo la mwisho, kisha niende nikamwite baba yako aache kujificha. Nimeweka chumba kwenye hoteli yenu. Ndiyo, hiyo ya Diani, Mwalimu Njeri amenisaidia. Nimesoma masharti, nimelipa malipo ya awali, ujumbe ninao. Sikwambii ni mwezi gani. Jina lililoandikwa si langu wala la baba yako, kwa hiyo usihangaike kulitafuta. Nataka baba yako akae siku kadhaa kwenye upepo safi, jicho lake litoke machozi ya raha mara moja.

Kwa hiyo mwanangu, siku watakapokupa yale majina uanze kupiga simu, piga taratibu. Usikie vizuri sauti inayoitikia, hata kama ni ya bara, hata kama huijui. Mmoja wao ni mimi, nami ninaweza kukuambia "sawa".

Nakupenda kupita ninavyoweza kuandika. Nenda salama.

Mamako,
Zuhura